Wanafunzi 200, karatasi moja: jinsi ya kuwafanya wabishane ukumbini

Wiki iliyopita nilikaa na mwenzangu aliyeanza kufundisha muhula huu. Kapewa mwaka wa kwanza wa baiolojia, watu 200, kipindi cha saa nane mchana; wanaokaa nyuma, anasema, wanalala waziwazi. Nikamwonyesha njia aliyoianza Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991: unauliza, wanapiga kura, wanabishana, wanapiga tena.

1. Kadi. Kila mmoja akunje A4 mara mbili, kila robo aandike herufi moja kubwa, A hadi D. Programu za kura za kwenye simu nimezijaribu na sizitaki tena. Huyu hana bando, yule simu imezima, na aliyefanikiwa kuingia anaishia WhatsApp.

2. Swali. Hapa ndipo utakapotoka jasho. Usiulize tafsiri ya neno; "usanisinuru ni nini" wataichomoa kwenye desa wakiwa wamefumba macho. Usiulize hesabu, utasikia kalikuleta tu. Na lile jibu la "yote hapo juu" lisionekane kabisa.

Mimi swali langu la kwanza lilikuwa hili: mwembe mkubwa umetokana na kokwa moja, sehemu kubwa ya uzito wa mbao zake imetoka wapi? A udongo, B maji, C hewa, D mwanga wa jua. Nililipenda sana. Kumbe nimejitegea mwenyewe. Binti mmoja wa mstari wa mbele akasema mti mbichi karibu nusu yake ni maji, kwa hiyo B ina ubaya gani? Hana kosa! Nikababaika mpaka kengele. Jioni nzima nikalikarabati, kumbe lilipungukiwa neno moja: uzito *mkavu*. Mbao zikikauka, karibu nusu ya uzito ni kaboni, nayo mti umeivuta yote kutoka kwenye hewa ukaa.

Tangu siku hiyo kila swali nawasomesha kwanza wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, nakaa kimya, nawasikiliza wanavyolielewa. Majibu ya makosa nayo situngi kichwani. Nayaokota kwenye vijitabu vya mitihani ya nyuma, maana huko ndiko makosa yao halisi yaliko. "Udongo" niliupata hapo. Aliyekua akiona mbolea ikimwagwa shambani anaamini mti unakula udongo. Kwa kipindi cha saa moja, maswali mawili yanatosha, matatu ukiwa na bahati.

3. Kura ya kwanza. Dakika moja bila kuongea. Kisha "moja, mbili, tatu", kadi juu kwa pamoja, la sivyo wavivu watachungulia kwa jirani. Uso wako usiseme kitu.

4. Kadiria kwa macho. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ubaoni, hakuna wa kumsaidia mwenzake. Wakizidi 70, eleza kwa kifupi upite. Wakiwa katikati, waambie kila mtu amtafute aliyeshika herufi tofauti amshawishi, dakika mbili au tatu. Mhadhara wetu ni wa Kiingereza, mtihani pia, lakini hapa ruhusu Kiswahili bila masharti. Ukiwabana kwa Kiingereza ukumbi utakuwa msibani. Wewe pita kati ya viti usikilize, usisahihishe mtu.

5. Kura ya pili. Mwite mmoja aliyebadili herufi aseme kilichombadilisha, ndipo na wewe ueleze.

Mwenzangu akauliza, sasa silabasi itaisha saa ngapi? Mimi nilifuta theluthi ya slaidi zangu. Majina na michoro nawapa wasome usiku wa kuamkia kipindi, na swali la kwanza la kura linatoka humo humo.