Namna ya Kufundisha Uvamizi wa Wahispania na Wareno Barani Amerika katika Darasa la Nairobi

Mwanafunzi wa sekondari jijini Nairobi huiona mada hii kuwa habari ya mbali isiyomhusu, na mwalimu akianza na Columbus na merikebu zake 3 za mwaka 1492, nusu ya darasa itakuwa inasinzia kabla kipindi hakijafika katikati. Ni afadhali kuanzia Malindi. Tundika ramani ya dunia, kisha umwite mwanafunzi mmoja afuatishe kwa kidole safari ya Mreno Pedro Álvares Cabral, aliyeng'oa nanga Lisbon mwezi Machi 1500 akiwa na merikebu 13, akapinda mno upande wa magharibi kufuata pepo za Atlantiki, akaiona Brazili tarehe 22 Aprili, akavuka bahari tena na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kufikia Agosti alikuwa ametia nanga Malindi akielekea India. Kidole kikifika pwani yetu, huna haja tena ya kuwashawishi wanafunzi kwamba jambo hili lina uhusiano nao.

Kabla ya kuikunja ramani, chora mstari wa Mkataba wa Tordesillas wa 1494, ambao kwa huo falme mbili ziligawana nchi za watu wasioulizwa neno, magharibi kwa Mhispania na mashariki kwa Mreno. Mstari huo unaeleza kwa nini Wabrazili huzungumza Kireno ilhali majirani wao wengi huzungumza Kihispania. Hapo pia pana nafasi ya kudokeza kwamba Ngome ya Yesu, Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati mfalme wa Uhispania, Felipe wa Pili, ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno vilevile, akitawala pia Meksiko na Peru. Dakika 10 zinatosha kwa haya yote.

Muda mwingi utumie Meksiko, maana ndiko maelezo ya mkato yanakopotosha zaidi. Andika ubaoni kwamba Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania, aliposhuka pwani mwaka 1519 alikuwa na askari wapatao 500 na farasi 16, kisha uliulize darasa jeshi dogo namna hiyo liliwezaje kuuangusha Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki uliojengwa juu ya ziwa. Watakujibu kwamba ni bunduki. Usiwakatize, ila waulize bunduki za wakati ule zilichukua muda gani kushindiliwa baruti, na ni nani aliyewalisha askari hao na kuwabebea mizigo. Ndipo uwatambulishe Watlaxcala, waliokuwa na uhasama wa muda mrefu na Waazteki na ambao wapiganaji wao waliwazidi Wahispania kwa idadi, tena kwa mbali sana. Mashua 13 za vita zilitengenezwa Tlaxcala, vipande vyake vikabebwa mabegani kuvuka milima, zikaundwa upya na kushushwa ziwani, huku mfereji ulioleta maji ya kunywa mjini ukikatwa. Ndui ilikuwa imekwisha kupita mwaka 1520 na kumuua mtawala Cuitláhuac pamoja na halaiki ya raia. Mji ulianguka tarehe 13 Agosti 1521.

Zoezi moja la vitendo linafaa kufuata. Mwanzoni, Cortés alimwambia Jerónimo de Aguilar, Mhispania aliyejua Kimaya, kwa Kihispania, Aguilar akasema kwa Kimaya, naye Malintzin, msichana aliyekuwa ametolewa kwa Wahispania kama mtumwa, akayageuza kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Kwa bahati njema, darasa la Nairobi halikosi lugha: wapange wanafunzi wanne, ujumbe utoke kwa Kiingereza, upite kwa Kiswahili, umfikie wa mwisho kwa Kikamba au Kijaluo, kisha jibu lirudi kwa njia ileile. Mwanafunzi wa tatu atagundua mwenyewe jinsi Malintzin alivyokuwa na uwezo mkubwa katika mazungumzo yale.

Peru ipitie haraka, kwa kuwa wanafunzi sasa wanajua la kutafuta. Taja watu 168 wa Mhispania Francisco Pizarro, kukamatwa kwa Atahualpa, mtawala wa Wainka, mjini Cajamarca tarehe 16 Novemba 1532, na vita vyake na nduguye Huáscar vilivyokuwa vimeigawa dola ya Wainka. Ongeza kwamba Wainka wa Vilcabamba, milimani Peru, waliendelea kushikilia eneo lao hadi 1572, maana wengi hudhani mambo yaliisha siku moja. Migodi ya madini ya fedha ya Potosí, katika Bolivia ya leo, na mashamba ya miwa ya Brazili, yaliyolimwa na Waafrika waliotekwa, yanastahili kipindi chake chenyewe. Kuyabana mwishoni ni kuyadhalilisha.

Kwa kazi ya nyumbani, waagize waandike ukurasa mmoja juu ya kuanguka kwa Tenochtitlan kwa macho ya mpiganaji wa Tlaxcala. Unaposahihisha, mpe alama anayetaja ndui, njaa na washirika, mnyime anayetaja bunduki peke yake, na usimpunguzie mtu alama kwa kukosea tahajia ya Cuitláhuac.