Kabla dedilaini ya FPL haijakukuta: kikosi chenye majeruhi, kadi na wachezaji wa kupumzishwa

Hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ligi yetu ya Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, ina watu wa pande zote mbili: waendesha boda, wabadilisha fedha, walimu, vijana wa kupakua malori. Mchango unatolewa Agosti na zawadi inasubiri Mei. Ukiwaangalia wanaomaliza juu, utakuta wengi wao hawabishani sana kuhusu nani atafunga wiki hii. Wanachokwepa ni kuingia raundi na watu tisa. Msingi wa yote ninayoandika hapa ni huo: panga kikosi kitakachojiendesha hata kama Jumamosi hutaishika simu.

Anza na saa. Mchezo hufunga mabadiliko dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya mapema ya Jumamosi huanza saa sita na nusu mchana kwa saa za Uingereza, kwa hiyo dedilaini ni saa tano asubuhi kule. Kwetu hiyo ni saa nane mchana majira yao ya baridi, na saa saba mchana majira ya joto. Saa zao hurudi nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na husogea mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Badiliko la Oktoba halina madhara, linakupa saa moja ya ziada. La Machi ndilo linalowaacha watu, kwa sababu wamezoea saa nane tangu Novemba, na siku hiyo mlango umeshafungwa saa saba. Raundi ikianza Ijumaa kwa mechi ya usiku, dedilaini yetu huangukia saa tatu na nusu usiku, au saa mbili na nusu kwenye miezi ya joto, wakati wengine bado wako njiani kutoka kazini.

Kuhusu mtandao, Waganda hatuhitaji kuelezwa. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, ikarudi tarehe 18. Katikati ya hapo, tarehe 17, Liverpool na Manchester United walitoka 0-0, na ambaye hakuwa amepanga kikosi mapema alibaki na kilekile. Siku za kawaida ni mambo madogo zaidi: bando limeisha, umeme umekatika tangu asubuhi, simu imezima chaji. Kwa hiyo Alhamisi usiku panga kila kitu kana kwamba hutarudi tena: kumi na mmoja, nahodha (ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili), msaidizi wake, na mpangilio wa benchi. Usajili, yaani kuuza mchezaji na kununua mwingine, usubirishe mpaka makocha wazungumze na waandishi, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa. Lakini kama unajua wikendi utakuwa kijijini kusikoshika mtandao, sajili mapema na ukubali hatari yake.

Sasa benchi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pointi nyingi zinapopotea bila mtu kuona. Mchezaji wako asipocheza, mchezo wenyewe unamtafuta wa kwanza kwenye benchi, kisha wa pili, kisha wa tatu. Ila kuna masharti: uwanjani lazima wabaki mabeki wasiopungua watatu, viungo wawili na mshambuliaji mmoja, na kipa hubadilishwa na kipa tu. Tuseme umepanga mabeki watatu, viungo wanne na washambuliaji watatu. Beki mmoja ameumia kwenye kupasha misuli. Kwenye benchi wa kwanza ni kiungo, wa pili na wa tatu ni mabeki. Kiungo wako ataachwa hata kama amefunga mabao mawili, kwa sababu akiingia utabaki na mabeki wawili. Ataingia yule beki wa pili, na kama naye ni wa bei ya chini asiyewahi kuvaa jezi ya kuanza, mchezo utamjaribu wa tatu, na huenda ukapata sifuri. Anayechezesha mabeki watatu basi awe na angalau beki mmoja wa benchi anayeanza kweli kila wiki kwenye timu yake, hata iwe timu ya mkiani.

Halafu kuna jambo linalouma zaidi. Mchezaji akikosa mechi kabisa, benchi linakuokoa. Akiingia dakika ya 88 anakuletea pointi moja na anamfungia mlango mtu wa benchi aliyepata tisa. Hata aliyekaa benchi muda wote akapewa kadi ya njano kwa kumfokea mwamuzi anahesabiwa kuwa amecheza, na unabaki na pointi hasi moja. Unahodha ni hivyohivyo: msaidizi hurithi pale tu nahodha anapokosa mechi nzima. Kwa sababu hiyo simpi kitambaa cha unahodha mtu mwenye shaka ya afya, awe mkubwa namna gani, na msaidizi wangu huwa mtu ambaye kocha wake hana mbadala wake.

Wengi hujaza benchi na watu wa bei ya chini kabisa wasiocheza ili fedha ziende mbele. Mimi naona ni uchumi mbaya. Katika ile bajeti ya milioni 100, nyongeza ya nusu milioni kwa beki wa kati anayecheza dakika 90 kila wiki inajilipa. Tangu msimu wa 2025/26 ni zaidi, kwa kuwa beki anayefikisha matendo kumi ya ulinzi, yaani kuondosha mpira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya, anapata pointi mbili hata timu yake ikifungwa. Timu zinazoshambuliwa sana ndizo zenye mabeki wa namna hiyo, na bei yao iko chini.

Benchi zuri pia linakupunguzia hamu ya kukatwa pointi nne. Usajili wa ziada, yaani unaopita ule wa bure wa kila raundi, ni hasi nne. Kama mtu wako wa benchi angekupa mbili kwa kucheza tu, basi mchezaji mpya anatakiwa apate zaidi ya sita ndipo uone faida wiki hiyo. Tangu 2024/25 usajili wa bure unaweza kulimbikizwa mpaka mitano. Kuwa na miwili au mitatu mkononi ifikapo Novemba ni afadhali kuliko kumfukuza kila mfungaji wa wiki iliyopita.

Kadi zinahesabika, kwa hiyo hazina sababu ya kukushtua. Kadi tano za njano ndani ya mechi 19 za kwanza za timu yake ni kukosa mechi moja. Kumi ndani ya mechi 32 ni mechi mbili. Kinachohesabiwa ni mechi ambazo timu imecheza, si namba ya raundi, kwa hiyo timu yenye kiporo inachelewa kuvuka mstari. Mwenye kadi nne mwanzoni mwa Desemba mtazame kwa jicho la pili, hasa kiungo mkabaji. Akishavuka mechi ya 19 bado na nne, anapumua mpaka kumi. Njano za Kombe la FA au Kombe la Ligi hazichanganywi na za ligi.

Nyekundu ni hesabu nyingine. Njano mbili katika mechi moja, au kumnyima mtu nafasi ya wazi ya bao, kwa kawaida ni mechi moja. Rafu mbaya au vurugu ni tatu, na nyekundu ya pili katika msimu huongezewa mechi moja: Casemiro wa Manchester United alikutana nayo mwaka 2023, akapewa mechi nne baada ya kadi ya mechi ya Southampton. Adhabu hizi hutumikiwa pia kwenye vikombe vya ndani ya Uingereza, lakini mechi ya Ligi ya Mabingwa haipunguzi chochote. Kabla hujamuuza aliyefungiwa tatu mwezi Januari, angalia kama timu yake ina mechi ya Kombe la FA hapo katikati. Huenda atakosa mbili tu za ligi.

Majeruhi ni kazi ya kusoma watu. Mchezo huweka alama kwenye jina la mwenye shaka pamoja na asilimia ya uwezekano wa kucheza. Alama ya njano yenye asilimia 75 mara nyingi ni mtu atakayecheza. Ya 50, kama benchi lako ni hai, mwache kikosini na uache benchi lifanye kazi, ila usimpe unahodha. Ya 25 mhesabu kuwa hayupo. Makocha nao wana tabia zao, wako wanaosema ukweli na wako wanaowaficha wapinzani, na baada ya miezi michache utawajua. Kocha anayesema ataamua baada ya mazoezi ya mwisho hajakuambia kitu. Na orodha ya wanaoanza hutoka baada ya dedilaini, kwa hiyo usingoje uthibitisho.

Jeraha lenyewe lina lugha yake. Kugongwa mguu ni siku chache. Nyama za nyuma ya paja ni wiki, na likihitaji upasuaji ni miezi: Bukayo Saka wa Arsenal aliumia Desemba 21, 2024 akarudi Aprili 1, 2025. Kano ya goti ni msimu kwisha, kama Rodri wa Manchester City Septemba 2024. Jeraha la wiki mbili mimi humweka mtu benchi, kwa sababu kuuza kuna gharama. Ukimnunua kwa milioni 7.0 akapanda mpaka 7.3, ukimuuza unapata 7.1, na ukimtaka tena utalipa 7.3. Likizidi mwezi, muuze bila huruma. Milioni 14 za Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, zikikaa bure, kama ilivyokuwa kwa waliomng'ang'ania alipoumia Desemba 2023 na Januari 2024, zinakula kikosi kizima.

Anayerudi kutoka majeruhi mpe wiki moja ya kuangaliwa. Kwa kawaida huanzia benchi, na hapo ndipo pointi ile moja ya dakika ya 88 inapotokea. Saka siku aliyorudi aliingia kipindi cha pili dhidi ya Fulham akafunga, sawa, lakini huo si mpango wa kutegemea.

Kuhusu kupumzishwa, tazama kalenda kabla ya jina. Timu ikicheza Jumatano usiku ugenini Ulaya kisha Jumamosi mchana, mawinga na mabeki wa pembeni ndio wa kwanza kukaa. Kipa na mabeki wa kati hubadilishwa kidogo. Tangu 2024/25 hatua ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa ina mechi nane na inafika Januari, kwa hiyo hata mwezi huo hauna tena nafasi ya kupumua. Kwa timu ya kocha anayezungusha wachezaji sana, kama Manchester City chini ya Pep Guardiola, mtu mmoja wa mbele anatosha. Watatu ni kujitafutia presha. Kumbuka pia dakika 60: beki akitolewa dakika ya 58 hapati pointi za kutofungwa.

AFCON hujulikana mapema, kwa hiyo haina kisingizio. Ile ya Morocco, Desemba 21, 2025 hadi Januari 18, 2026, iliwachukua Salah wa Liverpool na Mbeumo wa Manchester United, na mchezo ukawajazia watu usajili wa bure mpaka mitano. Sisi tulikuwa na Cranes, timu ya taifa ya Uganda, kundi moja na Nigeria, Tunisia na Tanzania, kwa hiyo Busia hakuna aliyelalamika kwamba Salah hayupo.

Chipu, yaani silaha maalum za mchezo: tangu 2025/26 kila moja iko mara mbili, na seti ya kwanza hufa kwenye dedilaini ya raundi ya 19. Majeruhi wakijaa Desemba, tumia Wildcard, inayokuruhusu kubadilisha kikosi kizima bila kukatwa pointi. Free Hit, inayobadilisha kikosi kwa raundi moja tu kisha kikarudi kilivyokuwa, iwekee raundi ambayo nusu ya timu hazichezi.

Mwisho, Jumapili usiku. Mchezaji wako amepewa nyekundu, na kundi zima la WhatsApp linamuuza. Bei hubadilika usiku wa manane, na hofu ya kupoteza milioni 0.1 huwafanya watu waharakishe. Septemba 29, 2024 Bruno Fernandes wa Manchester United alitolewa dhidi ya Tottenham, akakabiliwa na mechi tatu. United walikata rufaa, na ndani ya siku mbili adhabu ikafutwa. Waliomuuza usiku ule walikuwa wametumia usajili kumwondoa mtu aliye huru kucheza. Ngoja mpaka Jumatano, au Alhamisi kama hakuna mechi za katikati ya wiki.