Kuvua straipa usiku wa Agosti, mlangoni mwa mto Merrimack

Mto Merrimack unapita Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi, kisha unashuka hadi Newburyport na kumwagika Atlantiki kati ya Plum Island na Salisbury. Wenzetu wanauvuka kila asubuhi wakienda kazini, na huko chini, mwendo wa gari usiotimia saa moja, kuna straipa: samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari saba au minane myeusi ubavuni. Kila kiangazi naulizwa swali moja: "Mbona nimekaa ufukweni mchana kutwa na samaki hakudona hata mara moja?" Umejijibu mwenyewe. Mchana! Mwezi wa nane maji ya kina kifupi yamepata joto, na straipa hapendi joto wala jua kali. Anashinda kwenye maji marefu, giza likiingia ndipo anasogea kando kula.

Hatua ya 1: Kibali na kipimo

Kibali cha kuvua baharini kinatakiwa kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi. Unakikata mtandaoni.

Unaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, wa inchi 28 na kuendelea lakini asifike 31. Kikomo hicho cha 31 kiliwekwa 2023, na ndicho kinachouma, maana samaki wa inchi 34, mnono, unamrudisha huku mate yanakudondoka. Mpime akiwa amefumba mdomo, ncha mbili za mkia umezibana pamoja. Sheria hubadilika, kwa hiyo itazame upya kila msimu.

Hatua ya 2: Yasome maji

Hapa mtu wa Pwani ana faida, kwa sababu bamvua na maji mafu ni yale yale. Chukua jedwali la maji la Newburyport, utafute usiku ambao maji yanaanza kupwa baada ya kiza kuingia. Nyuma ya Plum Island kuna vinamasi vikubwa vya maji ya chumvi. Maji yakipwa, vinamasi hivyo vinajimwaga mtoni vikiwa vimebeba vidagaa, kamba na watoto wa pogi, samaki mwenye mafuta ambaye straipa anampenda kuliko wote. Straipa hahangaiki kuwafukuza. Anatulia pembezoni mwa mkondo, kichwa kimeelekea maji yanakotoka, akingoja aletewe.

Kwa hiyo usitafute samaki, tafuta mshono: ule mstari wa povu unaotenga maji yanayokimbia na yaliyolala. Hata gizani utauona ukisimama kimya dakika kumi. Tochi ya kichwani izime, na usimulike maji kabisa.

Tahadhari moja. Mlango huu ni mkali, hasa maji yanayopwa yakikutana na mawimbi ya bahari. Usiingie majini zaidi ya magoti, na usipande mawe ya gati bila viatu vyenye vyuma vya kung'ata. Mimi nilipanda na raba za kawaida, nikateleza kwenye mwani, goti likaniuma hadi Oktoba.

Hatua ya 3: Vifaa

Rodi ya futi 9, rili ya saizi 5000, uzi wa kusuka wa ratili 30, na mbele yake pima moja ya uzi mgumu wa ratili 40. Chambo bandia: samaki wa mpira wa inchi 6, mweusi. Usiku samaki anatazama juu, na cheusi ndicho kinachoonekana vizuri dhidi ya anga.

Ukipenda chambo halisi, kipande cha kibua wa huku kinatosha, ila sheria inataka ndoana ya duara. Sisi tuliokulia mshipi wa mkono tumezoea kuukatua pindi samaki anapodona. Kwa ndoana hii ukikatua umemkosa. Acha aondoke nayo, uzi ukaze, kisha zungusha rili tu. Itajishika yenyewe pembeni mwa mdomo.

Hatua ya 4: Kutupa

Tupa kiasi upande maji yanakotoka, uache mkondo uzungushe chambo kama bawaba ya mlango. Rili izungushwe polepole, ya kuondoa ulegevu tu. Mdono huja mara nyingi chambo kinapomaliza kuzunguka na kunyooka: kitu kinagonga, halafu uzito. Usikitoe haraka. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa natupa kwa nguvu zote niende mbali, na samaki wangu mkubwa alinikamata mita nne kutoka miguuni, nikiwa nimeshaanza kuinua rodi.

Hatua ya 5: Kumrudisha

Maji ya moto hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo usimchezee. Mvute upesi na umfungue akiwa majini. Mshike taya la chini kwa kidole gumba, meno yake ni kama msasa tu, mkono mwingine chini ya tumbo. Mwelekeze mkondo uingie mdomoni. Akianza kukubana kidole na kupiga mkia, mwachie.

Ukirudi kesho yake, maji yatakuwa yamechelewa kama dakika 50. Nawe chelewa hivyo hivyo.