Chungu kinachojimwagilia kikifurika, anza na boya

Inua boya (kielea kinachofunga valvu ya maji yanapopanda) kwa mkono hadi juu. Maji yakiendelea kutiririka, kasoro iko kwenye valvu: funga koki ya tangi, ifungue valvu, suuza washa yake (kipete cha mpira kinachoziba maji). Chembe moja ya mchanga yatosha kuizuia isizibe.

Yakikatika, valvu ni nzima; tazama usawa wa vyungu. Vyungu vinavyolishwa na boya moja hutafuta kimo kimoja cha maji, hivyo kilicho chini kwa sentimita 3 tu ndicho hufurika. Kiinue kwa kipande cha ubao. Kuubana mpira wa maji hakusaidii, hupunguza kasi tu.

Kwa tahadhari, toboa tundu la milimita 6 ubavuni, chini kidogo ya sahani inayobeba udongo, na uweke chujio maji yanapotokea tangini.