Somo: Mkia wa "-itis" kwenye cheti cha daktari

Assalaam alaykum wanachama. Juzi jirani yangu hapa Jang'ombe alinijia na cheti mkononi, kidole kimebana neno moja: gastritis, yaani gastraitisi. "Mwanangu, hii ndiyo saratani?" Alikuwa hajalala. Siyo saratani, na laiti angepata mtu wa kumsomea neno lile pale pale, asingekesha. Ndipo nikaona niandike.

Hatua ya 1: Anza na mkia. Funika mwanzo wa neno kwa kidole, usome herufi nne za mwisho: -itis, sisi tunatamka "aitisi". Ni mkia wa Kigiriki cha kale, na asili yake haukuwa na maana ya uvimbe hata kidogo. Ulikuwa kiunganishi tu. Wagiriki walisema arthritis nosos: arthron ni kiungo, nosos ni ugonjwa, yaani ugonjwa wa viungo. Nosos kwao ni neno la kike, basi na mkia ukaja kwa umbo la kike, kama sisi tunavyofuata ngeli. Walipozoea, nosos wakaliacha, likabaki arthritis peke yake.

Sisi tunalifanya hili kila siku. Mtoto anatumwa dukani, anafika anasema: "Nipe wa ufuta mmoja." Hakuna anayemuuliza wa ufuta nini. Mkate haukutajwa, lakini ile "wa" imeubeba. Basi -itis ndiyo "wa" hiyo, na kilichoachwa nyuma ni ugonjwa.

Hatua ya 2: Tia uvimbe. Karne nyingi baadaye madaktari wa Ulaya waliufunga mkia huu kwenye maana moja, sehemu ya mwili iliyovimba kwa maradhi. Dalili zake nne alishaziandika Mrumi Celsus katika karne ya 1: wekundu, uvimbe, joto na maumivu.

Hatua ya 3: Ondoa kidole, usome mwanzo. Hepat- ni ini, nefr- ni figo, gastr- ni tumbo. Kwa hiyo jirani yangu amevimba utando wa ndani wa tumbo, siyo kwamba ana donge. Nilipomwambia hivyo alikaa kitako barazani, akaomba maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Chake Chake): Mwalimu, kila "aitisi" ni ya vijidudu?
Jibu: La. Mkia unasema kumevimba, hausemi kwa nini. Hepataitisi yaweza kuletwa na virusi, na yaweza kuletwa na pombe au hata dawa. Sababu muulize daktari wako, usiikisie kwa neno.

Swali (Mkunazini): Na apendisaitisi? Nimesoma kwamba apendiksi ni Kilatini.
Jibu: Ahsante, umesoma vizuri. Kichwa Kilatini, mkia Kigiriki. Aliyelitia neno hilo kwenye udaktari ni Reginald Fitz wa Boston, mwaka 1886. Kwetu ni kuvimba kwa kidole tumbo.

Swali (Wete): Bibi yangu husema ana baridi yabisi, daktari kaandika athraitisi. Nani yuko sawa?
Jibu: Wote wawili, mwanangu. Baridi na yabisi ni maneno ya Kiarabu, ubaridi na ukavu, na kupima maradhi kwa joto, baridi, unyevu na ukavu ni tiba ya Kigiriki iliyotufikia kwa mkono wa Waarabu. Daktari ameandika Kigiriki. Bibi yako naye anasema Kigiriki kilichopita njia nyingine.