Mazoezi ya vipindi vya kasi kwa mchezaji wa kriketi: hesabu ova, achana na kilomita

Nilipoanza kufundisha kriketi nilikuwa nawakimbiza vijana kutoka Upanga, tunavuka daraja la Selander, tunagusa mchanga wa Coco Beach, tunarudi. Nikajisifu kwamba timu yangu ina pumzi. Siku ya mechi, yule aliyekuwa akituacha wote barabarani akatolewa akiwa njiani anatafuta mkimbio wa pili (mkimbio ni kuvuka njia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine). Gongo lake lilibaki kiganja kimoja nje ya mstari. (Gongo la mbao, msinielewe vibaya.) Na wala hakuwa amechoka. Kukimbia mwendo mrefu alijua. Kusimama ghafla, kugeuka na kufyatuka upya hakujua.

Kriketi ndivyo ilivyo: sekunde chache za moto, nusu dakika ya kusubiri, kisha moto tena. Kwa hiyo nikaacha kilomita, nikaanza kupanga mazoezi kwa ova, yaani fungu la mipira sita inayorushwa mfululizo. Ndiyo yale yale ambayo vijana wa jimu wanayaita HIIT, vipindi vifupi vikali vyenye mapumziko, ila haya yamekatwa kwa kipimo cha mchezo wetu.

Kama una tatizo la moyo, presha au pumu inayokusumbua, au ndiyo kwanza umenyanyuka na malaria, muone daktari kabla ya kuanza.

Hatua ya 1: Pima njia

Kutoka wiketi hadi wiketi, yaani vile vijiti vitatu vya kila mwisho, ni mita 20.12, lakini mpigaji hakimbii zote hizo. Mstari wake uko mita 1.22 mbele ya vijiti kila upande, kwa hiyo njia yake ni mita 17.68. Huna uwanja? Azima futi ya fundi ujenzi, pima kwenye majani au udongo ulioshikana, weka kandambili kila mwisho. Lami inaumiza magoti. Mchanga wa ufukweni unapendeza kwenye picha tu: mguu unazama, na unachojifunza pale ni kugeuka polepole.

Hatua ya 2: Pasha mwili

Dakika 10 hadi 12. Jogi nyepesi, magoti juu, kurusha miguu mbele na pembeni, halafu mbio tatu za njia hiyo hiyo, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Siku moja nilichelewa kwa foleni ya Barabara ya Morogoro nikairuka hatua hii. Nilichanika msuli wa nyuma ya paja kwenye mkimbio wa nne, nikakaa nje wiki tano.

Hatua ya 3: Ova yenyewe

Shika gongo. Washa saa ya simu, ikulie kila baada ya sekunde 30. Kila mlio ni mpira mmoja, na unakimbia hivi: mipira miwili ya kwanza mikimbio miwili miwili, wa tatu mmoja, wa nne mitatu, wa tano mmoja, wa sita miwili. Ukimaliza mbio zako, sekunde zinazobaki ndizo za kuhema. Ova ni dakika tatu, mikimbio 11, kama mita 194.

Pumzika dakika tatu ukitembea. Usizipunguze kwa ushujaa, maana akiba ya nguvu ya haraka iliyo ndani ya misuli inahitaji muda kama huo kujaa tena. Kisha ova ya pili, kisha ya tatu. Wageni hucheka wakisikia kwamba zote tatu hazifiki mita 600. Kicheko huisha kwenye ova ya pili.

Kasi iwe tisa kwa kumi. Ukimaliza mikimbio mitatu na bado unaweza kumsimulia mwenzako habari za Simba na Yanga, hukukimbia, umetembea.

Hatua ya 4: Kugeuka

Hapa ndipo mechi zinapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Hatua tatu za mwisho ziwe fupi, kiuno kishuke kama mtu anayetaka kukalia kigoda. Nyoosha mkono, lalisha gongo, ncha yake ianze kuburuzika ardhini mita moja hivi kabla ya mstari. Likipita hewani halihesabiki. Mstari nao si wako: gongo lililoishia juu ya chokaa bado liko nje, lazima sehemu yake iguse chini nyuma ya mstari.

Sasa mkono. Mpira ukiwa upande wako wa kulia, gongo liwe mkono wa kushoto, na mguu wa kushoto ndio wa kujisukumia. Hivyo kifua kinafunguka kuelekea mpira ulipo, unaona aliyeuokota anafanya nini. Mpira ukiwa kushoto, geuza yote. Wengi hugeukia mkono waliouzoea, wanaupa mpira mgongo, wanakimbia kwa kusikiliza kelele za wenzao.

Mimi husimama pembeni katikati ya njia, au hutuma mtu asimame upande wa pili, na mmoja wetu ananyanyua mpira mchezaji akiwa amefika nusu. Lazima ahamishe gongo mkono huku anakimbia. Wiki ya kwanza magongo yanaanguka kama maembe ya Desemba.

Hatua ya 5: Jua pa kuishia

Mtu akupimie mikimbio miwili ya kwanza kwa saa, aandike. Katika ova zinazofuata, muda ukiongezeka kwa nusu sekunde, funga kazi. Zaidi ya hapo unauzoesha mwili kukimbia taratibu.

Wiki mbili ova tatu, wiki mbili zinazofuata ova nne, kisha vaa pedi za kukinga miguu na urudi kwenye tatu. Pedi hubadilisha hatua zako zote, usingoje kuligundua hilo siku ya mechi. Mara mbili kwa wiki zinatosha, zipishane saa 48. Tukicheza Jumapili, tunafanya Jumanne na Alhamisi, na ya Alhamisi ni ova mbili tu.

Kwa warushaji wa kasi

Badala ya gongo, tumieni mbio zenu za kurushia: mara sita hadi kwenye mstari bila kuachia mpira, mnarudi kwa miguu. Msiyaweke siku ya kurusha nyavuni. Mgongo wa chini wa mrushaji kijana hupata nyufa za mfupa kwa mzigo uliorundikana, na nyufa hizo hula msimu mzima.

Joto letu

Januari na Februari Dar hewa inajaa unyevu. Jasho linachuruzika bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Anza saa 12 na robo asubuhi, au subiri jioni jua likipungua makali. Kunywa maji kabla ya kiu. Baadaye dafu pamoja na chakula chenye chumvi. Mwenzako akianza kupepesuka au kujibu mambo yasiyoeleweka, usimwambie akaze. Mpeleke kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze.

Mwezi wa Ramadhani nusu ya kikosi changu wamefunga. Tunahamia baada ya tarawehe, kwenye majani yaliyo chini ya taa za uzio, bila pedi, kila mtu na chupa yake. Ova mbili tu. Anayetaka ya tatu anasubiri Idi.