Kutembea Mji Mkongwe na mbwa mwongozaji

Mbwa mwongozaji hajui njia ya kwenda soko la Darajani. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila ndugu asiyeona anayeniuliza. Watu wengi wanadhani unamwambia tu akupeleke sokoni, naye anakupeleka. Njia unaijua wewe. Yeye anakuepusha na shimo, nguzo, ngazi na mkokoteni ulioachwa katikati ya njia, lakini kona ya kukata unamwambia wewe.

Kwa hiyo jifunze kwanza fimbo nyeupe, tena uijue barabara. Mimi ninaishi Leicester, na Uingereza ndiko nilikopewa mbwa wangu, Amber, lakini kwetu ni Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, Unguja, na kila ninaporudi siku za mwanzo namwacha nyumbani natoka na fimbo peke yangu. Mji unabadilika: mtaro umefunuliwa, mtu anajenga amemwaga kokoto. Tembea ukisikiliza. Ukuta wa mawe ukikatika, sauti ya viatu vyako inabadilika, na hapo ujue pana kichochoro. Kengele ya kanisa la Mkunazini, kelele za wachuuzi kule Darajani, harufu ya samaki wa kukaanga jioni, vyote hivyo ni alama zako. Ukishaziweka kichwani ndipo mbwa atakuwa na faida.

Mafunzo ya mbwa hawa yana historia ndefu. Skuli ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na Uingereza mbwa wa mwanzo walikabidhiwa wenyewe mwaka 1931. Mbwa hulelewa na kufunzwa mpaka akaribie miaka miwili, kisha hutafutiwa mtu wa mwendo wake. Mimi natembea haraka, na ndiyo sababu nikapewa Amber. Ukiulizwa juu ya mwendo wako na shughuli zako za kila siku, sema kweli.

Sasa tuje kwenye zito kwetu, twahara, yaani usafi wa ibada. Usimlete mbwa nyumbani kwa wazee kisha ndiyo uanze kueleza. Nilimpigia mama simu mapema, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nasali humu ndani. Huyo mnyama atalala wapi?" Swali kama hilo lijibu kwa mpango kamili. Nikamwambia atalala uani, chini ya ngazi, kwenye jamvi lake, na juu hapandi. Bakuli lake ni lake, halichanganywi na vyombo vya jikoni. Kanzu yangu ya kusalia haishuki uani hata siku moja.

Sisi wengi hapa Unguja ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwetu mbwa ni najisi nzito: palipoguswa na mate yake hukoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Basi weka ndoo na kopo la udongo safi pale pale uani, asihangaike mtu kutafuta. Kikavu kikigusana na kikavu hakinajisi, na hili waeleze wote wa nyumbani, watoto hasa. Wamaliki wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa ni twahara, lakini usimwendee mama yako na hoja ya madhehebu mengine. Fuata ya nyumba yake.

Kwa shekhe wa mtaa nenda na mtu mzima wa ukoo. Mimi nilikwenda na mjomba. Tulizungumza juu ya mbwa wa Watu wa Pangoni katika Suratul Kahf ya Kurani, wanyama waliofunzwa kuwinda katika Al-Maida aya ya 4, na hadithi za Mtume zinazoruhusu kufuga mbwa wa mifugo na wa shamba. Nikamweleza pia kwamba mwaka 2008, kule kule Leicester, kijana asiyeona aliruhusiwa kwenda na mbwa wake msikitini baada ya fatwa ya baraza la sharia la Waislamu, mbwa akawekewa mahali pa kupumzikia, mbali na wanaosali. Hapa Unguja mimi sijaomba hilo. Ikiadhiniwa, Amber anabaki uani, nami nakwenda na fimbo au na mpwa wangu.

Njiani, mbwa hukaa kushoto kwako. Ukisikia honi ya vespa kichochoroni, jibanze upande wa kushoto ili yeye awe kati yako na ukuta. Hivyo hagongwi, na wapita njia wenye udhu wao hawamgusi. Kuvuka barabara ya Darajani, simama ukingoni usikilize wewe mwenyewe, kisha toa amri. Amefunzwa kuikataa amri gari likija. Akigoma, usimvute.

Paka ndio mtihani. Kila baraza ina paka wake, na utamhisi mbwa kupitia mpini wa mkanda aliovaa: unasogea kidogo tu upande mmoja, kichwa kimegeuka. Mkataze kwa sauti moja, thabiti, na akirudi kwenye kazi msifu hapo hapo.

Saa za jua kali msitoke. Weka kiganja chini kwenye lami. Ikikushinda kuvumilia, na nyayo zake zitaungua. Sisi hutoka baada ya alfajiri na baada ya alasiri. Beba maji, kagua kupe kila jioni, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe mfukoni, kwani watu wana sababu ya kuogopa na wana haki ya kukiona.

Watoto wakiokota mawe, simama, waamkie, waambie huyu yuko kazini, asiitwe wala asilishwe. Wengi huwa wananifuata wakiuliza maswali mpaka bustani ya Forodhani. Zamani kwenda Forodhani jioni ilikuwa mpaka mdogo wangu amalize shughuli zake. Sasa nakaa ukutani kwa muda ninaoutaka, mbwa amelala chini, na kila anayepita ana neno la kuniuliza. Marafiki kadhaa nimewapata hivyo.

Mbwa hawa hustaafu wakifika umri wa miaka 10 hivi. Nani atamchukua, tafuta jibu angali na nguvu. Mimi nimeshakubaliana na jirani yangu wa Leicester, ambaye Amber anamjua.